Penseli ya Dirisha la Tatu

Karani wa dirisha la tatu, dirisha la maradhi ya kina mama hospitalini, hakuwahi kuinua sauti wala uso. 'Malineo, aliyekuwa akitokwa damu tangu mavuno, alimjua kwa mikono tu: mikavu, ya kucha fupi, kidole gumba kikiloweshwa mate kila kinapofunua bukana ya mgonjwa, kile kijitabu chake cha afya. Kalamu ya wino ilichomekwa kwenye nywele, penseli ililala mezani. Wengi aliwaandikia tarehe ya kumwona daktari kwa wino, miezi saba mbele. Wachache aliwaandikia kwa penseli, na hao, wanawake walinong'onezana benchini ndani ya mablanketi, siku yao ikifika hawaonekani.

Zamu yake ilipowadia, 'Malineo alisikia kichongeo cha penseli kikisaga.

"Dada, niandikie kwa wino," alisema. "Nitakuja hata kwa kutambaa."

Karani aliinua uso, akamtazama kwa muda mrefu, bila haraka, kama watu wanavyotazamana wakiagana. Kisha akapuliza unga wa penseli.

"Wino haufutiki, mama," alisema kwa upole. "Na kuna mwenzio atakayeihitaji hiyo siku."