Tabea na Mto Uliofungwa

Bondeni chini ya Lyamkena, enzi Makambako ilipokuwa bado maduka machache kando ya barabara ya malori, aliishi mama mmoja aitwaye Tabea. Majirani walimfananisha na kuku mwenye vifaranga: hata akidonoa, jicho moja liko angani. Mtoto akikohoa nyumba ya tatu, Tabea alishauliza ni wa nani na amelala wapi. Alisoma shule ya misheni mpaka akaweza kufuata kitabu cha nyimbo kwa kidole, kisha akaolewa na Anania. Walizaa watoto wengi, wakabakiwa na wawili: binti, Jeni, aliyeolewa kijiji cha Ramadhani kule Njombe, na kijana wao wa mwisho, Yonathani.

Anania alikuwa mkulima kama wengine, ila moyo wake ulikuwa mtoni. Ujanani aliwahi kubeba mizigo ya Mzungu mmoja huko Matamba, ambaye alivua kwenye vijito vya baridi kwa ndoana zilizofungwa manyoya. Wapagazi wenzake walicheka kuona mtu mzima anamdanganya samaki kwa unyoya. Anania hakucheka, alitazama. Aliporudi kwao alichonga mtumbwi mwembamba wa kutosha mtu mmoja, akakata ufito wa mwanzi, akaanza kuwajaribu kuyu wa bondeni, wale samaki wa magamba ya dhahabu na midomo minene.

Mto ule haukuwa mkubwa, lakini ulikuwa na tabia yake ya kupanda na kushuka. Mvua ikinyesha juu, ulifurika ukaingia ndani ya matete na kujaza vijito vilivyojipinda huku na huku. Mvua ikikatika, maji yalirudi, na vijito vikatapika kila vilichomeza: vidagaa, panzi, mende wa majini. Anania aligundua kwamba maji yanaporudi, kuyu wakubwa hukaa kwenye midomo ya vijito wakingoja kuletewa, kama wageni wa harusi. Kule kwenye mchanga mtupu, maji yanakopita moja kwa moja bila jiwe wala tete, utatupa ndoana mpaka mkono ufe ganzi. Alijifunza na rangi pia. Maji ya matope yanataka unyoya mweupe wa jogoo, samaki auone kwa mbali. Maji ya rangi ya chai yanataka mwekundu. Maji meupe, yale yanayoonyesha mchanga wa chini, yanataka unyoya mdogo wa kwale, wa rangi ya majani makavu. Ukiwatupia mweupe hapo, kuyu wanatawanyika kama watu waliomwona askari wa kodi.

Kisha mtoto wa jicho akamwingia, jicho moja kwanza, halafu la pili. Akawa anaona mwanga na kivuli tu. Tabea aliyaogopa maji tangu utoto, lakini aliogopa zaidi mume kipofu peke yake majini. Basi mtumbwi wa mtu mmoja ukabeba wawili. Tabea alikaa mbele na pondo, akisukuma. Anania nyuma, na vipande vyake vya mwanzi alimohifadhi manyoya, kila rangi na kipande chake, na kila kipande na alama ya kisu aliyoijua kwa kidole gumba. Kabla ya kufunga ndoana aliuliza neno moja, "Maji?" Tabea akamjibu rangi. Hakuwahi kukosea.

Masika moja Yonathani aliuchukua mtumbwi peke yake, akaenda kwenye kilindi cha mwamba, mahali ambapo kijito kikubwa kinaingia mtoni. Mtumbwi ulionekana jioni umepinduka ndani ya matete. Yonathani hakuonekana. Wanaume walizamia, wakachokoa kwa pondo, wakafuata mto mpaka ulipotoka bondeni. Hakupatikana.

Ila wakati ule vijana wa Kibena walikuwa wakiondoka kwenda kukata mkonge Kilosa na Tanga, na wengi waliondoka bila kuaga, kwa kuogopa machozi ya mama. Yonathani alikuwa ameshasikika akizungumzia mkonge. Kwa hiyo yalikuwepo mawili: kijana amezama, au kijana ameusukuma mtumbwi majini, akashika njia. Bonde zima liliamini la kwanza. Tabea alishika la pili, akalishika kwa mikono yote miwili.

Hapo ndipo desturi ya bondeni ilipokuja kumbana. Maji yaliyochukua mtu yalifungwa. Hakuna aliyevua, hakuna aliyetega mgono, kutoka kilindini mpaka daraja la chini, mpaka baba wa aliyezama ayafungue. Na kuyafungua kulikuwa na masharti yake. Baba alivua samaki mmoja kwa ndoana, mahali palepale, siyo kwa wavu wala mtego, maana samaki yule anapaswa aje kwa hiari. Wala hakutia nyungunyungu, nyama au funza, kwa kuwa maji yaliyokula mtu hayalishwi tena. Samaki huyo alichomwa ukingoni bila chumvi, na mama ndiye aliyemla kwanza. Akishameza, mtoto amezikwa, na mto ni wa watu wote.

Mzee wa kanisa, Methusela, alisema hayo ni mambo ya wahenga, Biblia haiyajui. Lakini mke wake alipopewa kambale aliyesemekana ametoka upande ule, Methusela alisema tumbo lake siku hiyo halikuwa zuri.

Mwaka uliofuata mvua zilikataa. Mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini, ulezi ukatoa mapepe. Hata ulanzi ulipungua kwenye mianzi, na wanaume wakawa wanarudi nyumbani mapema wakiwa wazima wa akili, jambo ambalo wake zao walisema ndiyo dalili ya njaa kubwa. Mto ulipungua lakini haukukauka, na kutoka ukingoni watu waliwaona kuyu wakigeuka kilindini, mgongo kwa mgongo. Hakuna aliyethubutu. Wazee wakaja kwa Anania, wakakaa, wakazungumza kwa mzunguko mpaka wakafika. Anania akasema atakwenda.

Walikwenda. Tabea alisukuma mtumbwi mpaka kilindini, na Anania akauliza, "Maji?"

Tabea alitazama chini. Aliona mchanga, aliona kokoto moja moja, aliona kivuli cha mtumbwi wao kimelala juu ya mchanga.

"Matope," akasema.

Anania aligeuza sikio kuelekea maji, halafu akapapasa kipande cha mwanzi chenye alama ya unyoya mweupe. Akafunga, akatupa. Tabea alikuwa ameuacha mtumbwi uteleze mbali na mdomo wa kijito, ukasimama mbele ya mchanga mtupu. Unyoya mweupe ulipita juu ya maji yale kama mtu aliyeingia kanisani na ngoma. Wakarudi mikono mitupu.

Walikwenda tena juma lililofuata, na mengine baada yake. Kila mara jibu lilikuwa matope, kila mara unyoya mweupe, kila mara mchanga mtupu. Ukingoni watu walianza kunong'ona kwamba maji yamekataa. Wengine, kwa huruma, waliacha kumwita Tabea Mama Yonathani, wakamwita Mama Jeni. Aliwapita kana kwamba wameita mtu mwingine.

Aliyekuwa hadanganyiki ni wifi yake Kristina, dada yake Anania, mwanamke mwenye ulimi usiojua kupumzika. Walikutana kisimani.

"Kamwene, wifi. Nasikia mtoni kuna matope."

"Yapo."

"Kiangazi hiki? Anayakoroga nani, wifi? Maana ng'ombe wamekufa, na viboko hatuna. Labda ni Methusela anaoga huko."

Wanawake wengine walicheka. Tabea hakucheka, na Kristina naye akaacha. Alikuwa amembeba mjukuu wake, Danieli, mgongoni. Miguu ya mtoto ilikuwa imevimba na nywele zake zimekuwa nyekundu, laini kama ndevu za mahindi. Tabea alimwona, asingeweza kutomwona, kwa kuwa hakuna alichokiona upesi kuliko mtoto anayeumwa. Alijitwika mtungi wake ukiwa haujajaa, akaondoka.

Haikupita siku nyingi habari ikafika kwamba Nahumu, kijana wa jirani aliyekwenda mkonge, amerudi. Tabea aliacha jembe shambani akapanda mpaka Makambako barabarani. Alimkuta Nahumu ameketi kwenye sanduku lake la bati, kavaa kofia mpya, ana makovu ya miiba ya mkonge mikononi. Tabea hakuuliza habari za safari. Aliuliza kama amemwona Yonathani.

Nahumu alivua kofia. Akasema Kilosa hakumwona, na waliotoka Ubena huko walijuana wote, walikaa kambi moja. Kisha akamtazama usoni yule mama, na alichokiona hapo kikamfanya aongeze upesi kwamba Tanga ni mbali, mashamba ya Tanga ni mengi, pengine yuko Tanga, shangazi, mtu hawezi kujua.

Tabea alikuwa mtu wa kutazama. Maisha yake yote aliwatazama watu kujua kama wana homa, kama wameshiba, kama wanaficha. Aliiona Tanga ikitungwa pale pale mdomoni mwa kijana, kwa wema, kama mtu anavyompa mtoto anayelia punje moja ya mahindi. Akamshukuru, akampa pole ya safari aliyokuwa hajampa. Akateremka bondeni taratibu, mkono umeshika kiuno.

Nyumbani kwa wifi yake alimkuta Danieli amekaa chini kivulini. Nzi walitua kwenye midomo yake, naye hakuwafukuza. Tabea akachuchumaa akawafukuza kwa khanga yake. Wakarudi, akawafukuza tena. Kristina alitoka ndani akachuchumaa upande wa pili, akawafukuza naye.

Asubuhi ukungu ulipoanza kupanda, Tabea alimwamsha mumewe akamwambia twende mtoni. Anania hakuuliza kwa nini. Alichukua ufito na vipande vyake vya mwanzi.

Kilindini, Tabea aliufikisha mtumbwi kwenye mdomo wa kijito chenyewe, akalizamisha pondo mchangani kuuzuia, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwanawe apotee. Maji ya kijito yaligonga ubavu wa mtumbwi. Chini yao kuyu wanne au watano walikuwa wamesimama, vichwa vimeelekea kijitoni, wakitikisa mikia polepole.

Anania alingoja. Safari hii hakuuliza.

"Maji ni meupe, Baba Yonathani," Tabea akasema. "Naona mchanga wote. Tuko mdomoni mwa kijito, na samaki wako mbele yako, upande wa kulia."

Vidole vya Anania vilikuwa tayari juu ya kipande cha unyoya wa kwale.

"Ulijua," Tabea akasema.

"Maji mazito hayauimbii mtumbwi hivi. Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Na ukaniacha nikudanganye mbele ya watu."

Anania alifunga fundo, akalivuta kwa meno, akakata uzi uliozidi. "Hata mimi," akasema, "sikuwa na haraka ya kumzika."

Alitupa. Unyoya ule mdogo uliangukia ndani ya kijito, ukateremka na maji kama jani lililojidondokea, na kuyu mmoja akaondoka mahali pake bila pupa, akaupokea. Ufito ukapinda. Tabea, aliyekuwa anamtazama tangu mwanzo, alitamani amwambie samaki yule arudi. Alishika pondo kwa nguvu mpaka Anania alipomtoa na kumlaza miguuni mwake.

Ukingoni waliwasha moto wa vijiti. Watu walikuwa wameshaona, wakaja mmoja mmoja, wakasimama mbali kwa heshima. Kristina peke yake ndiye aliyesogea na kumgeuza samaki asiungue. Alipoiva, alinyofoa kipande cha ubavu, akakichambua miba yote kana kwamba anamlisha mtoto mchanga, akakiweka kwenye kiganja cha wifi yake.

Tabea alikaa nacho. Moshi ulimwingia machoni, akauacha. Kilikuwa cha moto, halafu kikawa vuguvugu, halafu kikapoa. Hakuna aliyemhimiza. Mwishowe alikitia mdomoni, akatafuna muda mrefu, maana hakikutaka kushuka, na watu wote wakiangalia koo lake. Akameza.

Anania alikula baada yake. Kisha akageukia zilikosikika pumzi za watu, akawaambia mto ni wenu.

Kabla ya adhuhuri wanawake walikuwa majini mpaka kiunoni na vikapu vyao, na siku ile hakuna jiko la bondeni lililolala baridi. Danieli alinyweshwa mchuzi kwa kijiko, kidogo kidogo. Tabea hakwenda kuona. Alikaa uani, na Kristina akamnyoa nywele kwa wembe, taratibu, akimwinamisha kichwa huku na huku. Mtu mmoja akatumwa Ramadhani kumwita Jeni.

Matanga yalikaliwa bila kaburi. Jeni alifika na kulia kwa sauti, akilia kwa niaba ya mama yake pia, kwa kuwa mama yake hakulia. Siku ya kuanua, Methusela alisimama uani na Biblia yake, akaomba kwa kirefu. Akafika mahali pa kumtaja kijana, akasita. Mwaka mzima alikuwa akimwombea kama "ndugu yetu aliye mbali". Alimtupia Tabea jicho, na Tabea hakuinua uso. Basi Methusela akasema, "Marehemu Yonathani."

Watu waliitikia amina kwa pamoja. Tabea naye aliitikia, nyuma yao kidogo, wenzake walipokuwa wameshanyamaza.