Moto Uliokataa Kuingia Konani

Mjomba wetu kila kitu kikiharibika karakanani kwake analaumu mlima. Umeme umekatika, mlima. Rangi haikauki, mlima. Na kwa kuwa karakana iko Mlali, chini kabisa ya Uluguru, mshtakiwa yuko karibu muda wote.

Likizo ile mimi nilikuwa napumzika, dada yangu alikuwa kwenye kesi. Alikuwa anajifunza kuchomelea, na asubuhi moja mjomba alimwambia wazi: ukishindwa kufunga kona za stendi hii ya tanki la maji, unarudi Mkuyuni kwa mama yako ukauze ndizi. Na kwetu Waluguru, mjomba akishasema neno kuhusu watoto wa dada yake, ukikata rufaa kwa baba utaambulia pole tu.

Dada alianza vizuri. Mshono ulinyooka mpaka ulipokaribia kona, hapo moto ukapinda pembeni kama mtu anayekwepa deni dukani. Akiurudisha, unapinda tena. Chuma kilichoyeyuka kikamwagikia upande mmoja, kona ikabaki wazi.

"Mkono unakutetemeka," mjomba akasema.

"Hautetemeki, mjomba."

"Basi ni upepo wa mlima."

Akachukua khanga ya dada, akaitandaza kuizungushia kona ile, mikono juu.

"Mjomba, mwali wetu anatoka lini?" nikauliza.

"We mtoto, njoo ushike huku."

Tukashika. Upepo haukupita, moto ukapinda vilevile. Mjomba akamnyang'anya dada kifaa akachomelea mwenyewe. Ukampinda na yeye. Akakiweka kifaa chini, akamwambia dada, "Umeshaiharibu hii kona." Dada alianza kuvua glovu taratibu, na mimi sikupenda jinsi alivyozivua.

Ndipo nikaona vumbi la chuma, lile lililobaki baada ya kusaga, limesimama wima pale konani.

"Mjomba, stendi yako imeota ndevu."

Hakugeuka hata. Ndiyo shida ya kuwa mchekeshaji: siku ukisema kweli, watu wanasubiri mwisho wa kichekesho. Ila dada aliinama. Akalifuta vumbi kwa kidole, likarudi likang'ang'ania palepale.

"Ni sumaku," nikasema, safari hii bila kucheka. "Umeme ukipita kwenye chuma unakuja na sumaku yake, na nyingine inabaki humo. Na huo moto ni umeme pia, kwa hiyo unasukumwa."

Dada aliangalia koleo la waya unaorudisha umeme kwenye mashine. Lilikuwa limebana karibu kabisa na kona ile. "Unalikimbia hili," akasema. Akalihamishia mguu wa mbali wa stendi, akavaa glovu, akausogeza moto karibu zaidi na chuma. Ulipinda kidogo bado, lakini uliingia.

Mjomba alisubiri kipoe, akakigonga kwa nyundo. Akagonga tena, kwa nguvu, kama anatafuta sababu. Kona haikutikisika.

"Funga na zile nyingine," akamwambia. "Ukimaliza mpigie mama yako, mwambie hurudi."

Nilikuwa na utani tayari mdomoni, mzuri kweli. Nikaumeza. Dada alikuwa ameshaficha uso nyuma ya kioo cheusi, mabega yanacheza, na sikujua kama analia au anacheka.