Mashine Iliandika Imetumwa

Mkono wangu wa kuume haunyooki, na yule bwana wa mashine za imeli kule mtaa wa Songo bado ananisalimia barabarani, "Jambo Mama," kama vile hatukukosana.

Niliuvunjia mlangoni pangu. Ziwa lilipopanda liliingia mpaka jikoni, na liliporudi likatuachia utelezi mweusi. Nilimwaga majivu, nikamwaga mchanga, jirani akanicheka: "Mama, leo unapika udongo?" Kesho yake nikaanguka na sufuria yangu. Lakini si hayo.

Hospitali walipiga picha ya mfupa, wakafunga plasta. Wakasema daktari wa mifupa aangalie kama inafaa kutia chuma, na aangalie mapema, kabla mfupa haujashikana vibaya. Daktari wa mifupa ninayemjua ni mmoja tu, yuko Bukavu, na ni mukwe wangu. Kwetu mukwe hagusi mkono wa mama mkwe. Mnasalimiana kwa mbali, macho chini. Maneno yote yalipita kwa binti yangu, mke wake, na binti yangu tulimzika. Toka siku ile, kati yangu minye na huyo mwanaume ni heshima tu.

Ndiyo maana nilifurahia picha. Ataona mfupa bila kunishika. Mukwe alimwambia muuguzi itumwe kwa imeli, kwa sababu picha ya mfupa ikipita kwa simu inafifia. Muuguzi akaitia mu klé, kale kadude kadogo kanakochomekwa kwenye mashine, nikaipeleka Songo.

Kioo cha yule bwana kilikuwa cheusi, maneno meupe tu.

"Mama, wengine wanabonyeza-bonyeza. Minye nimeandika amri zangu mara moja, naziita skripti. Mashine inachukua barua, inafunga picha ndani, inatuma. Minye nakunywa chai."

"Na picha ikibaki?"

"Ah, Mama! Weye iko na wasiwasi kama bibi harusi!"

Wateja wakacheka. Nami, mjinga, nikacheka. Kioo kikaandika: IMETUMWA. Alikiandikisha kwa Kiswahili ili hata sisi tulioacha shule mapema tusome. Nikasoma.

Nikangoja. Mama mkwe hapigi simu kuuliza, "Umeona picha yangu?" Huko ni kumkimbiza mukwe kama mdeni. Basi nikamtukana moyoni. Nikasema, kumbe mke akifa, mama yake ni takataka. Nilisonga bugali kwa mkono wa kushoto, likatoka mabonge matupu, na kila bonge nikamlaumu yeye.

Plasta ilipotolewa, mkono ulikuwa umepinda. Halafu mukwe akaja kwa misa ya kumkumbuka binti yangu. Akauona kutoka ng'ambo ya kiwanja. Akavuka, mbele ya watu wote.

"Mama, naomba ruhusa."

Akaushika. Nikageukia ukuta.

"Kwa nini hamukunitumia picha?"

"Nilituma!"

"Barua ilifika, Mama. Ilisema picha iko ndani. Ndani hamukuwa na kitu. Niliona haya kumwambia mama mkwe ameleta barua tupu. Nikasema atatuma tena."

Mungu wangu. Tuliheshimiana mpaka mfupa ukashikana.

Nikashuka Songo siku ileile, na nguo za misa. Yule bwana akajikuna kichwa.

"Nakumbuka. Nilichomoa klé yako mapema, kliyan, mteja mwingine, alikuwa na haraka. Amri haikukuta picha, ikatuma barua peke yake."

"Na ile IMETUMWA?"

"Hiyo iko mstari wa mwisho wa amri zangu, Mama. Inaandika tu kila mara."

Kila mara! Picha iende, isiende! Nikamsogezea mkono wangu.

"Shika."

Hakutaka. Mukwe wangu alivunja heshima yetu ili aushike, na huyu, ambaye si ndugu yangu kwa lolote, akaangalia kioo.

"Futa huo mstari."

"Nitaufuta, Mama, kesho—"

"Sasa. Minye nikisimama hapa."

Akaufuta. Niliona maneno yakimezwa herufi kwa herufi. Kama aliurudisha nilipogeuka, sijui. Anaponisalimia barabarani huwa haangalii mkono wangu.