Aibu Yangu Mbele ya Hakimu

Naikumbuka vizuri asubuhi moja ya miaka ya sabini, mwanangu, nikiwa ndiyo kwanza nimeolewa pale Uyole. Mume wangu alikuwa Iringa na lori lake, anapakia mahindi. Mzee mmoja, tarishi wa mahakama, akabisha hodi. Watu wa forodha walikuwa wamemshtaki mume wangu kwamba alipitisha vitenge Tunduma bila kulipa ushuru. Niliogopa. Nikamwambia yule mzee kuwa mume wangu amehamia Zambia. Akabandika wito mlangoni, akaenda zake. Nikaubandua, nikautia motoni. Mume wangu aliporudi sikumwambia kitu. Nilijidanganya kwamba mambo ya serikali ukiyanyamazia yatapita.

Hayakupita. Kesi ikasikilizwa bila yeye, hukumu ikatoka, wakaja kukamata lori. Akaniuliza kama kuna mtu wa mahakama aliyewahi kufika nyumbani. Nikakana. Basi akaenda mahakamani Mbeya, nami nikafuatana naye, kuomba hukumu itenguliwe, akaapa kwamba tarishi anayedai alileta wito ni mwongo.

Hakimu akamgeukia yule mzee. Alikuwa amesimama, kofia mkononi, akisema wito aliubandika. Hakimu akamwambia kwamba kama ameidanganya mahakama, kazi hana. Nikasimama kabla sijaitwa.

"Mheshimiwa, mzee huyu alikuja. Mimi ndiye niliyemdanganya, na karatasi nikaichoma. Mume wangu hakujua."

Watu wote wakanigeukia. Mume wangu peke yake hakunitazama. Hakimu akasema mtu hawezi kubanwa na wito ambao haukumfikia, akaitengua hukumu, kesi ianze upya. Baadaye ilionekana ushuru ulikwisha kulipwa, na lori likarudi. Lakini siku ile sikuwa na furaha. Nje, yule mzee alinifuata, akanishukuru kwa kumnusuru. Mimi, wa kushukuriwa na yeye. Mpaka leo nikilikumbuka jambo hilo, nainamisha uso hata nikiwa peke yangu.

Mume wangu hakunigombeza. Njiani alisema tu, "Ungeniambia, ningekwenda."

Kwa hiyo, mwanangu, ukiitwa, nenda. Jambo zito likibisha hodi kwako, mwambie unayeishi naye siku hiyohiyo. Na ukishakosea, usingoje mwingine alibebe kosa lako. Simama useme, hata kama watu wote watakugeukia. Mungu akujalie nyumba isiyofichana jambo, na ulimi mwepesi wa kusema kweli mapema kuliko nilivyoisema mimi.