Bukari ya Baba Mkwe

Nakumbuka, mwanangu, siku baba mkwe wangu alipokuja kusimama kwenye mlango wa jiko langu. Kwetu sisi watu wa Kasai, mzee haji jikoni kwa mke wa mwanawe. Hata kuchungulia chungu ni aibu. Nilishtuka hadi mwiko ukaniponyoka.

Nilikuwa bi harusi wa miezi mitatu. Tulikaa hapa hapa Shituru, mtaa wa kiwanda cha shaba, mbali na Kasai kwetu, na yeye alikuwa amestaafu kazi ya kiwandani. Daktari alikuwa amemwambia ana ugonjwa wa sukari. Nilikuwepo, nikasikia kwa masikio haya: apunguze bukari, chai anywe bila sukari, mboga za majani zijae sahanini. Nikaitikia, "Ndiyo, dokta," nikarudi nyumbani nikasonga bukari kama kichuguu!

Usinicheke. Bukari, huo ugali wetu wa mahindi, ndiyo heshima ya mkwe. Ukipeleka bonge dogo, watu watasema unamnyima mzee wa watu, na jirani yangu Mama Ntumba hakuwa na breki mdomoni. Basi nikajaza. Naye mzee akamaliza yote, maana kwetu baba mkwe akirudisha chakula, ni kama amemkataa aliyepika. Nikiona sahani tupu nafurahi, mjinga mimi, kesho yake naongeza.

Kumbe naharibu mtu. Akawa na kiu isiyoisha, macho yakaingia ukungu, kidonda cha mguuni kikakataa kupona.

Ndipo akaja pale mlangoni, ameshika ukuta.

"Mutoto yangu," akasema, "minye nakula yote juu ya kuogopa utasikia aibu. Weye unapika mingi juu ya kuogopa minye nitasikia aibu. Hii heshima itaniua."

Nikaangua kilio. "Baba, unisamehe."

"Wacha kulia. Upike kidogo. Ni minye nimeomba."

Tangu siku hiyo bonge likawa la ukubwa wa ngumi, mchicha wetu wa lengalenga nusu ya sahani, na maharage au samaki pembeni. Akishakula, anatembea polepole hadi kwenye reli na kurudi. Kidonda kilifunga. Jicho la kushoto halikurudi kuona, na hilo linaniuma mpaka leo, kwa kuwa mpishi nilikuwa mimi.

Sasa wewe umepimwa wiki jana, ukakutwa na sukari hiyo hiyo, ukaja kuniambia mimi, na mke wako hajui! Eti hutaki kumtia wasiwasi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yeye anakujazia sahani kwa upendo, wewe unaimaliza kwa upendo, na sukari haijui upendo.

Mwambie leo, kwa mdomo wako. Kaeni pamoja mpange chakula. Usiache kula, mwili si adui yako. Punguza bukari, mkate na wali, zidisha mboga, soda uziage kabisa. Dawa ya daktari uimeze kama alivyosema, na miguu yako uiangalie kila siku. Na mama mkwe wako akikupa bonge kubwa, mshukuru, kula kiasi, umweleze sababu. Heshima ya kweli inavumilia kuambiwa ukweli.

Nenda, mwanangu, kabla mke wako hajaweka maji ya bukari motoni. Mungu akulindie macho na miguu, na watoto wako wakuzike ukiwa mzee kunizidi mimi.