Vitabu Vinne vya Likizo ya Malukhu

Shule niliyofundisha Jinja ilikuwa na desturi yake kila muhula ulipofunguliwa. Kabla ya chai, mwalimu mkuu alituzungukia mmoja mmoja, kila mtu aseme amesoma vitabu gani wakati wa likizo. Watu walijiandaa kama wanaokwenda mahakamani. Wengine walitaja vitabu vinene vya Kiingereza ambavyo nina hakika walivifungua ukurasa wa kwanza na wa mwisho tu. Mwaka mmoja, katika ile miaka ya tisini, zamu yangu ilipofika nilisema nimesoma vinne, vyote vya Kiswahili, vyote kwa sauti. Mwenzangu mmoja akacheka, akauliza kama nataka kujiunga na jeshi. Nilikunywa chai yangu. Sikuwa na hamu ya kumweleza yule mpumbavu chochote.

Vitabu vilikuwa vya baba. Alikuwa polisi, mtu wa kaskazini, na sisi watoto wake wawili tulizaliwa katika laini, yaani nyumba za polisi, Jinja, ambako Kiswahili ndicho tulichoombea chumvi kwa jirani. Nje ya laini ilikuwa lugha ya askari kufokea watu. Baba alipofariki nilichukua vitabu vyake nikaviweka kwenye boksi chini ya kitanda changu, mtaa wa Nalufenya. Mdogo wangu yeye alifuata kazi ya baba, au kitu kinachokaribiana nayo. Alikuwa askari jela, akapelekwa Mbale.

Ugonjwa ulipomwangusha, ule ukimwi walioita silimu na kuutaja kwa kunong'ona, alihama nyumba za kazini akapanga chumba Malukhu, mtaa wa pale pale Mbale. Hakutaka wenzake wamkodolee macho. Likizo ilipoanza nilifunga safari na lile boksi. Nilimkuta amelala amegeukia mlango, macho yamefunguka lakini hayaoni tena. Mdomo wake ulikuwa na vidonda hata uji ulimchoma. Aliposikia sauti yangu hakuuliza dawa.

"Dada, we umeleta vitabu ya mzee?"

Kitabu cha kwanza kilikuwa cha upelelezi, kimetoka Kenya, jalada limeng'oka zamani. Tajiri wa pamba kauawa, na inspekta anazunguka mji mzima akiwatia watu pingu. Kama hadithi, ni upuuzi mtupu, maana muuaji anajulikana mapema na inspekta peke yake ndiye hajui. Lakini ndugu yangu alikipenda, nami nilikisoma kwa nguvu zote, nikibadilisha sauti. Kila inspekta alipogonga mlango nilinguruma: "Fungua! Toka nje! Kaa chini!"

Vyumba vile vilijengwa kwa safu, na kuta zake hazikufika paa. Ukikaanga kitunguu, safu nzima inajua. Upande wa pili wa ukuta wetu aliishi mama mmoja mjane, mwenyeji wa Mbale. Alinisubiri bombani.

"Mwalimu, mi naomba we," alisema. "Hiyo Kiswahili yako, punguza."

Nilikasirika. Ndugu yangu anakufa, hana macho, hana kinywa, kilichobaki ni masikio, na huyu ananiambia nipunguze. Nilimjibu vibaya, kwamba mgonjwa ni wangu na chumba ni chetu. Hakugombana. Alitazama jerikeni lake likijaa.

"Mzee yangu walitoa yeye hapa hapa, mchana," alisema. "Wakati ya wale maaskari. Wao nasema, 'Toka nje.' Yeye natafuta viatu. Wao nasema, 'Beba, usivae.' Mpaka leo mi najiuliza. Kwa nini yeye nabeba viatu kama havai?"

Tangu siku ile nikawa nasoma kwa kuruka. Nikiona amri inakuja, naisogelea polepole, nairuka kama mtu anavyoruka dimbwi, natua upande wa pili. Inspekta alimaliza kazi yake bila kumfokea mtu yeyote. Watu walijitokeza wenyewe na kunyoosha mikono.

Cha pili kilikuwa kitabu cha ufugaji wa mbuzi. Nasema bila utani kwamba ndicho bora kati ya vyote nilivyosoma mwaka ule. Hakina mwongo hata mmoja. Hakuna anayemwamuru mbuzi, na hata ukimwamuru hasikii, kwa hiyo niliweza kusoma kwa sauti yangu yote bila kumwogopa mama wa ukutani. Ndugu yangu aliipenda sura ya kukata kwato. Alitaka irudiwe. Nikadhani anapanga kufuga, nikafurahi kijinga, kisha nikaona miguu yake ilivyokonda chini ya shuka, nikairudia sura.

Cha tatu sikitaki hata bure. Ni cha mapenzi. Msichana analia kila ukurasa, mvulana naye analia, na mvua inawasaidia. Kuna mahali baba wa msichana anamfukuza mvulana: "Toka nyumbani kwangu!" Mimi nikasoma kwamba yule baba alimsindikiza kijana hadi mlangoni kwa masikitiko.

Ndugu yangu aliinua mkono. "Dada. Hawa watu wa vitabu wamekuwa wapole sana siku hizi."

Nilijifanya natafuta ukurasa.

"Hata ule inspekta. Yeye nafika tu, mtu nanyoosha mikono. Mi nimefanya kazi ya jela, dada. Hakuna mtu nanyoosha mikono hivyo."

Nilimwambia basi, kwa sauti ya chini, habari ya mama wa jirani, mumewe na viatu. Aligeuza uso kuelekea ukuta wa yule mama.

"Mimi ndiyo nilikuwa nasema hayo maneno," alisema. "Kila asubuhi. Toka, chuchumaa, hesabu. Mpaka nyumbani, mpaka kwa mtoto wa jirani. Ruka tu, dada. Ruka."

Alilia, na kwa kuwa chumvi ya machozi ilimchoma vidonda vya mdomo, nilikuwa nampangusa kila yalipoteremka. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia Mungu, vyote kwa pamoja, na sioni haya kusema.

Kilibaki cha nne, riwaya ya mchimba kisima. Mtu anavua viatu vyake, anaviweka ukingoni, anashuka kuchimba. Udongo unaporomoka, naye anabaki hai kule chini. Juu kijiji kinagombana: wengine wanasema kamba itupwe, wengine wanasema kisima kile kina mkosi, kifukiwe tu. Kurasa nyingi ni za yeye peke yake gizani, anaongea na maji yanayopanda taratibu. Mwandishi hana haraka, na mimi ambaye sina subira nilijikuta sitaki afanye haraka.

"Hii moja usiruke kitu," ndugu yangu alisema kabla sijaanza. "Mzee alinisomea mpaka katikati, halafu akapata uhamisho, hakumaliza. Mi nataka kujua kama ule mtu natoka."

"Na mama wa hapo?"

"Ongea na yeye."

Nilimfuata bombani nikamweleza kama alivyosema mgonjwa: ni kitabu kimoja tu, anataka akisikie kizima, na mimi sijui mbele kuna maneno gani. Alibeba maji yake akaondoka. Siku ile nilisoma nikisubiri agonge ukuta. Hakugonga. Nilisikia akivuta kigoda karibu na ukuta, basi. Kesho yake tulikuta bakuli la malewa mlangoni, zile chipukizi za mianzi wanazopika na karanga. Ndugu yangu hakuweza kula. Alinusa tu, akasema nimshukuru.

Tulikwenda hivyo, ukurasa kwa ukurasa, kwa kuwa nguvu za kusikiliza nazo zilikuwa zinamwishia. Nikiona anapotea nilifunga kitabu. Akizinduka aliuliza, "Bado yuko chini?" Nami nikamjibu bado yuko chini. Nilitamani kuchungulia mwisho nimwambie mara moja, lakini alikataa. Alisema atafika huko mwenyewe.

Hakufika. Ilikuwa mchana, mvua imepita, mabati yanadondosha matone. Kijiji kilikuwa kimekubaliana hatimaye na kamba ilikuwa inashushwa. Nilisoma sentensi moja nikainua macho kuona kama ametabasamu, maana kamba ndiyo aliyokuwa akiingojea. Kifua chake kilikuwa kimetulia. Nilimwita. Nilimshika shingo, kisha mkono, kisha nikakaa na kitabu mapajani, sijui nianzie wapi.

Sauti ikatoka upande wa pili wa ukuta. "Mwalimu? Mbona we nanyamaza?"

"Ameenda, mama."

Kigoda kililia, kisha kikatulia tena. Nilidhani atapiga yowe ili majirani waje, maana ndivyo inavyopasa. Hakupiga.

"Maliza," alisema. "Asiende na ule mtu bado yuko kwa shimo."

"Mbele kuna yale maneno, mama."

"Mi najua. Soma yote."

Nikasoma. Sikuruka neno. Kamba ilimfikia, akajifunga kiunoni, wakavuta. Kichwa chake kilipokaribia mwanga, kijiji kizima, hata wale waliotaka kumfukia, kiliinama ukingoni kikampigia kelele: "Toka! Toka nje, ndugu yetu, toka!" Niliyasoma kwa nguvu, kama nilivyomsomea inspekta. Mtu yule akatoka, akalala juu ya majani, na kitabu kikaishia hapo.

Nilikifunga. Nilitaka kusimama nimfumbe ndugu yangu macho.

"Mwalimu," mama aliniita. "Viatu yake, yeye napata?"

Nilifungua tena ukurasa wa mwisho nikatafuta juu hadi chini. Kitabu hakikusema lolote.

"Alivikuta palepale alipoviacha, mama," nikamwambia. "Akavivaa."