Maji ya Jirani wa Juu

Siku ya kwanza ya darasa, mhadhiri alimuuliza kila mmoja wetu kwa nini amechagua usanifu wa mazingira. Tulikuwa wanafunzi wa ualimu. Hii ilikuwa fani ndogo tu, ya kuongezea kwenye shahada. Mmoja alisema anapenda bustani. Mwingine alisema anataka mitaa yenye vivuli. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Nina jirani." Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka.

Ngoja nieleze taratibu, maana bila kuielewa milima yetu huwezi kuielewa hasira yangu. Mwanza nyumba nyingi zimepanda mlimani katikati ya mawe makubwa, na mvua ikinyesha maji yote yanashuka kuelekea ziwani. Juu ya nyumba ya mama palikuwa na jabali lenye ukubwa wa chumba. Maji yakilifikia yaligeuka na kuingia kwenye korongo la pembeni. Hakuna aliyeliweka pale, lakini lilitulinda tangu sijazaliwa.

Jirani wa juu, bwana mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Nyakato, alitaka gari lake lifike hadi mlangoni. Akalichoma jabali kwa magogo na matairi, kama tunavyofanya huku tukitaka kokoto: jiwe likishiba moto linapasuka, nyundo inamalizia. Kwa kokoto hizo hizo akatengeneza zege, akaziba korongo, ikawa njia ya gari. Mvua ya kwanza ilipita katikati ya jiko la mama na kuondoka na unga, kuni na karai la kukaangia. Maandazi ya jiko hilo ndiyo yaliyonisomesha.

Mama alipanda kwake kwa heshima, mimi nikiwa nyuma yake, tukamkuta ndani ya gari. "Baba, maji yako yamenizimia moto."

"Maji si yangu, mama, ni ya Mungu. Mlima ukikushinda, hamia Usagara. Kule tambarare."

Akacheka, akapandisha kioo cha gari. Tangu siku hiyo mama alianza kuzungumzia kurudi kwao Ukerewe, na kila alipolitaja jambo hilo mimi nilimwona yule bwana akipandisha kioo.

Kwa hiyo nilisoma. Wenzangu walichora bustani. Mimi nilichora ukuta, mrefu, mnene, wa kurudisha maji yote uani kwa jirani. Mhadhiri, mama mpole mwenye miwani kwenye kamba, aliutazama mchoro wangu kwa muda.

"Ukuta huu utazuia maji kwa muda, kisha utaanguka. Utaangukia wapi?"

Nikaangalia. "Jikoni kwa mama."

"Unataka kumkomoa mtu, au unataka maji yaende?"

"Vyote viwili, mwalimu."

"Basi anza na maji," akasema, wala hakunikataza hilo la pili.

Nikarudi mlimani na mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, uliojaa maji. Hata wewe unaweza kupima mteremko hivi, usiogope. Mtu mmoja ashike ncha moja, mwingine ashike ya pili, na popote mtakaposimama maji yatalingana kwenye ncha zote mbili. Pimeni kutoka maji yalipofika hadi ardhini kila upande, na tofauti yake itakuonyesha ardhi imeshuka kiasi gani. Mama alishika ncha ya chini na kulalamika kwamba mkono umekufa ganzi. Tulipomaliza nilikaa chini nikacheka peke yangu. Hata bila jabali, mteremko bado ulielekea kwenye lile korongo la zamani, njia pekee isiyodhuru nyumba ya mtu yeyote. Zege la jirani lilikuwa limekaa juu yake. Sayansi na kisasi vilikuwa vimekubaliana.

Kwenye mkutano wa mtaa nilikwenda na sinia. Juu yake nilikuwa nimeufinyanga mlima wetu kwa udongo, nyumba zikiwa viberiti vitupu, njia ya gari kipande cha kigae. Nikampa jirani birika.

"Shikamoo, baba. Tafadhali mwaga juu, taratibu."

"Marahaba. Huu ni mchezo wa watoto."

"Ndiyo, baba. Mwaga."

Akamwaga. Maji yakagonga kigae, yakageuka, yakakibeba kiberiti cha mama hadi ukingoni mwa sinia. Watu wakaguna. Nikakitoa kigae, nikarudisha kiberiti, nikamwomba amwage tena. Maji yakashuka kwenye korongo bila kugusa nyumba hata moja.

"Rudia kile cha kwanza, baba, sisi wa nyuma hatukuona!" akapaza sauti mwanamke mmoja, na kicheko kikalipuka. Wakamrudishia kigae mahali pake. Akamwaga tena, jasho likimtoka. Ningeweza kumsimamisha. Sikumsimamisha.

Mwenyekiti wa mtaa akaamua zege livunjwe kabla ya masika. "Sasa mimi gari nitapitisha wapi?" jirani akauliza. Mama akajibu kutoka nyuma, "Hamia Usagara, baba. Kule tambarare."

Zege lilipovunjwa alinifuata, sauti imeshuka. "Binti yangu, huko chuoni hamkufundishwa namna gari na maji vinavyoweza kupita mahali pamoja?"

Tulifundishwa. Nikamweleza kwa upole, kama ninavyoeleza kila kitu: unajenga kalavati, maji yanapita chini, gari linapita juu. Nikamchorea hata mchoro. "Ila ukubwa wake hatuujui, baba, mpaka tuone korongo likibeba maji ya masika."

Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba mvua moja kubwa ingetosha. Hilo sikumweleza.

Masika yote aliacha gari barabarani na kupanda ngazi za mawe kama sisi wengine, mtungi wa gesi begani, viatu mkononi. Ngazi zinapita mlangoni mwa jiko la mama. Humo ndani palikuwa pakavu, mafuta yakichemka kwenye karai jipya, na kila asubuhi mama alimkaribisha kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani:

"Karibu maandazi, baba! Pumzika kidogo, mlima ni mrefu."